Logi ya Tano

Mwalimu wa masomo ya ziada hufanya kazi wakati wenzake wanapumzika. Siku yake huanza saa kumi jioni, watoto wanapotoka shule, na huisha saa mbili usiku, wakati vijiwe vya kahawa vimekwisha kumaliza habari zote nzuri na kubakiwa na ubishi wa mpira. Jumamosi na Jumapili ndizo siku zake za soko, na likizo ya Juni, ambayo wengine huitumia kutembeleana, kwake ni msimu wa mavuno. Nayaeleza haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba niliwatupa marafiki zangu kwa jeuri. Niliwatupa kwa ratiba.

Nilianza kazi hii hapa Kigoma mjini baada ya kusubiri ajira ya ualimu mpaka subira yenyewe ikaota mvi. Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa mtoto wa jirani kule Mwanga, na malipo yangu ya kwanza yalikuwa kisado cha dagaa wakavu, ambao niliwala kwa wiki mbili nikijisifu kwamba sasa najitegemea. Mama wa mtoto yule alimwambia shoga yake wa Gungu, wa Gungu akamwambia shemeji yake wa Ujiji, na baada ya miaka minne nilikuwa na baiskeli, ubao mdogo wa kufunga nyuma ya baiskeli, na wanafunzi kumi na saba. Sisemi kwamba nilikuwa hodari kupita kiasi. Somo langu ni Hisabati, na kwa miaka mingi katika mtihani wa Kidato cha Nne waliofaulu somo hilo wamekuwa takriban mmoja kati ya watano. Anayeuza miavuli mahali ambapo mvua hainyamazi hana haja ya kupiga kelele.

Marafiki zangu wa kweli walikuwa watatu, na pamoja nami tulikuwa wanne tuliolala bweni moja huko mkoani Tabora. Baada ya shule kundi letu la simu lilichangamka kwa miaka miwili, kisha likawa la heri za sikukuu, kisha la michango ya harusi, na mwishowe la rambirambi peke yake, kiasi kwamba ujumbe ulipoingia kutoka huko nilikuwa naufungua huku nikiuliza, "Nani tena?" Kila mmoja wao alipopendekeza tuonane, mimi ndiye niliyekuwa na kipindi.

Kisha simu yangu ikaanguka ziwani pale Kibirizi, nilipokuwa nikimsaidia mzazi mmoja kupandisha magunia kwenye boti. Watu walinifariji kwa kunikumbusha kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, kwamba duniani linazidiwa na ziwa moja tu, na kwamba kitu kilichozama humo hakidaiwi. Niliyapokea maneno hayo kwa heshima, bila kuwaambia kwamba mahali ilipozama maji yalinifika kiunoni. Namba za marafiki zilikuwa ndani ya simu. Namba za wazazi, kwa kuwa zilihusu fedha, zilikuwa kwenye daftari la malipo, na daftari lilikuwa nyumbani, kavu kabisa. Nilinunua simu nyingine na namba nyingine, nikawapa wazazi wote, nikabandika matangazo kwenye kuta za maduka, na maisha yakaendelea.

Siku moja ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Shikamoo mwalimu. Jumamosi nitakuwa Kigoma. Naomba unipe saa mbili." Nikauliza kama ni saa mbili asubuhi au usiku. Akajibu kwamba anaomba saa mbili za muda, wakati wowote nitakaojaliwa. Hapo nikamtumia jibu langu la kudumu, lile ninalolihifadhi simuni ili nisichoke kuliandika upya: jina la mwanafunzi, kidato, mada inayomsumbua, shilingi 5,000 kwa saa, malipo kabla.

Akajibu kama ifuatavyo. Mwanafunzi: mimi mwenyewe. Kidato: cha pili, nilikwama. Mada inayonisumbua: logi.

Logi ya namba, kwa wasioijua, ni kipeo ambacho 10 hupewa ili ipatikane namba hiyo. Sikucheka, kwa sababu mtu mzima anayerudi shule si wa kuchekwa. Nimewahi kumfundisha mama lishe na kijana wa bodaboda waliokuwa wakijiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule ambao mtu akiufaulu hufunguliwa njia ya kufanya wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na wote wawili walikuwa na bidii kuliko watoto wa shule. Kabla sijamaliza kuwaza hayo, shilingi 10,000 zikaingia kupitia kwa wakala. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, maana katika maisha yangu yote ya kazi hakuna mtu aliyenilipa kabla bila kukumbushwa mara tatu.

Tulikutana saa nane mchana katika mgahawa ulio karibu na stesheni ya reli. Nilimkuta bwana mmoja mwenye kitambi, ndevu nyingi na miwani ya jua, mbele yake kukiwa na ugali na mgebuka uliokuwa ukiogelea katika mawese. Alisimama, akainama, akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," nami nikaitikia "Marahaba" kwa utulivu wa mtu aliyezoea. Niliona mabega yake yakitikisika. Nikajua ni hofu ya hesabu, nikamwambia asiogope, elimu haina mwisho.

Ni kawaida yangu kumhoji mwanafunzi mpya kabla ya kumpa jaribio. Nilimuuliza alikwama wapi hasa.

"Kidato cha pili, mwalimu. Nilikuwa nanakili kwa rafiki yangu mmoja, halafu akahama dawati."

"Rafiki wa namna hiyo," nilimwambia, nikiwa nimekunja uso kwa uchungu wa kitaaluma, "ndiye aliyekuharibia maisha. Alikufanyia kila kitu, kisha akakuacha mtupu."

"Hata mimi nimekuwa nikifikiri hivyo hivyo, mwalimu."

Nikaendelea na nasaha kwa robo saa nzima. Nilimweleza kwamba umri si kizuizi, kwamba uvivu ni ugonjwa unaotibika, na kwamba kitambi kisimvunje moyo. Kisha nikasogeza sahani yake pembeni, nikampa karatasi ya maswali matano. Swali la tatu nalipenda kuliko yote: ikiwa logi ya 2 ni 0.3010 na logi ya 3 ni 0.4771, tafuta logi ya 5. Limetegwa hilo. Logi ya 3 imewekwa pale kama chambo, maana 5 ni 10 gawanya kwa 2, na logi ya 10 ni 1. Kwa hiyo unachukua 1, unatoa 0.3010, unapata 0.6990, na logi ya 3 unaiacha ikae ilipokaa. Anayejumlisha zile mbili alizopewa hupata 0.7781, ambayo ni logi ya 6, kwa kuwa kujumlisha logi ni kuzidisha namba zenyewe, na mambo yamekuwa hivyo tangu Mskoti John Napier, aliyezibuni, alipochapisha logi zake mwaka 1614.

Aliponirudishia karatasi, ikiwa na alama ya kidole cha mawese pembeni, niliona 0.7781 na nikaanza kumweleza habari za Napier. Nilipofika mwaka 1614, macho yangu yakashuka mstari mmoja chini. Pale, chini ya jibu, alikuwa ameandika: "Kwa kuwa 2 na 3 ni 5, hata sokoni."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mara moja tu duniani. Mwalimu wetu wa kidato cha pili aliyasoma kwa sauti mbele ya darasa zima, kutoka katika karatasi ya mtihani ambao maswali yake yote yalikuwa ya Kiingereza, na mwenye karatasi hiyo, kijana mwembamba tuliyemwita Ufito, alisimama akauliza kwa dhati ni soko gani ambalo mbili na tatu ni sita.

"Ufito?"

Akavua miwani ya jua. "Marahaba," akasema.

Sitaeleza kicheko kilichofuata, ila kwamba mwenye mgahawa alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona kuna nini. Ufito alisema alikusudia kujitambulisha tangu mwanzo, lakini kila alipofungua kinywa nilikuwa nimeshaingia katika nasaha nyingine, na nilipofika kwenye ile ya kitambi aliona bora asikie yote aliyoyalipia.

Shida ni kwamba ilikuwa inakaribia saa tisa na nusu, na saa kumi nilikuwa na mwanafunzi Ujiji. Nakiri kwamba ile nusu saa ya mwisho nilikuwa nimemuuzia yeye na papo hapo nikaitenga kwa safari ya Ujiji, kwa imani kwamba watu wazima huchoka mapema. Mikono yangu, kwa mazoea, ikaanza kukunja karatasi. Ufito akauwekea ubao wangu kiganja kizito.

"Kaa chini, bwana. Nimelipia saa mbili. Kutwa nzima umenieleza nilivyoharibikiwa. Nusu saa yangu iko wapi?"

Nikampigia simu mzazi wa Ujiji, nikamwambia kwamba nimepata dharura ya mwanafunzi. Mzee yule, ambaye hapendi kuzungushwa, akataka kujua huyo wa dharura ni wa kidato gani. "Cha pili, mzee," nilimjibu, "na hali yake ni mbaya."

Nusu saa ile ikafika magharibi. Ufito anauza asali Tabora, na huja huku kwa treni, zaidi ya kilomita 400, kununua mawese na dagaa. Mwenzetu mmoja yuko Mpanda na amepata mapacha. Wa nne amebadilisha namba mara nyingi hata Ufito ameacha kuhesabu, kazi ambayo hata hivyo haiwezi. Namba yangu Ufito aliiona kwenye tangazo ukutani pale Kibirizi. Mara tatu alizokuja kabla ya hapo, alikuwa akipiga ile iliyoko ziwani.

Nilipotaka kumrudishia fedha zake alikataa, akadai stakabadhi. Nikamwandikia: masomo ya ziada, logi, saa mbili.

Jumatatu, alipokwisha kufika Tabora, akanitumia picha ya karatasi ya daftari pamoja na shilingi 10,000 nyingine. "Mwalimu, sasa nimeelewa," aliandika. "Kumbe ni kutoa. Logi ya 7 ni logi ya 10 toa logi ya 3, yaani 0.5229, kwa kuwa kumi ukitoa tatu inabaki saba, hata sokoni."

Nikafungua daftari la malipo, nikaiandika namba yake kwenye mstari wa kumi na nane. Katika safu ya ada nikaandika "amelipa", na katika safu ya maendeleo nikaandika "hakuna".