Kwenye Seva, Anza na Daraja

Ukisakinisha KVM (ya Linux ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) pamoja na libvirt inayozisimamia, mara nyingi unakuta mtandao uko tayari: daraja (swichi ya programu) linaloitwa virbr0, anwani za 192.168.122.0/24, na programu ya dnsmasq ya kuzigawa. Mashine pepe inawaka, inafika intaneti, unaona kazi imekwisha. Kwa kompyuta ya mezani sina ugomvi na mpangilio huo. Kwenye seva naupinga.

Mtandao huo ni wa NAT, yaani mashine pepe hujificha nyuma ya anwani ya seva: walio ndani hutoka, wa nje hawaingii. Na seva iko pale ili watu waingie! Basi unaanza kuandika sheria za iptables (kichujio cha pakiti cha Linux) za kuelekeza poti, hii ya tovuti, ile ya hifadhidata, nyingine ya SSH (ya kuingia kwa mbali) iliyohamishiwa 2222. Libvirt nayo ina sheria zake za kukataa miunganisho mipya kutoka nje, na huzirudisha kila mtandao huo unapowashwa upya. Zako zikiangukia chini ya zake, kilichofanya kazi jana leo kimegoma.

Daraja la kawaida, tuseme br0, ni swichi iliyo ndani ya seva. Kadi ya mtandao inachomekwa humo, mashine pepe vilevile, na kila moja inapata anwani yake kwa ruta ileile inayohudumia wengine. Shika hili: anwani ya IP ya seva inatoka kwenye kadi na kuhamia br0. Kama unafanya kazi hiyo kwa SSH, uwe na mlango mwingine, mfano konsoli ya IPMI (ya kuisimamia seva bila kutegemea mtandao wake wa kawaida), maana ukikosea mstari mmoja umejifungia nje.

Msumbufu ni Docker, programu ya kuendesha kontena. Ikiwa kwenye seva hiyohiyo, huweza kuweka sera ya FORWARD (ya pakiti zinazopita tu) kuwa DROP, yaani zitupwe, na moduli ya br_netfilter hupitisha pakiti za daraja kwenye iptables. Hapo `ip neigh` inakuonyesha MAC (anwani ya kadi ya mtandao) ya jirani vizuri kabisa, lakini ping haijibiwi, kwa kuwa ARP, inayotafuta MAC hiyo, haipiti iptables. Mtu anaweza kubadilisha kebo bure. Mimi Docker naiweka ndani ya mashine pepe, basi.

Kuna mahali daraja linakataa. Kwenye Wi-Fi, kwa kawaida kituo cha Wi-Fi (access point) hupokea fremu za MAC iliyojiunga nacho tu. Baadhi ya wanaokodisha seva nao huzuia MAC wasiyoijua. Huko NAT haina budi. Macvtap, inayounganisha mashine pepe na kadi moja kwa moja bila daraja, je? Siipendi: mashine pepe inaongea na dunia nzima isipokuwa seva inayoibeba.