Miezi 12 ya data za Webb: ikifutwa, nani atanufaika?

Wanaotaka data za darubini ya James Webb ziwe wazi siku ileile zinapoingia kwenye hifadhi yake ya data iliyoko Baltimore, Marekani, wana hoja nyepesi kuieleza: darubini ilijengwa kwa kodi za wananchi na mafuta yake yana mwisho, sasa kwa nini timu moja ikalie picha mwaka mzima? Agosti 2022 Ikulu ya Marekani iliwaongezea nguvu ilipoagiza machapisho ya tafiti zinazogharamiwa na serikali, pamoja na data zinazoyabeba, yafunguliwe bila kusubiri.

Wana haki kwa kiasi. Hifadhi ya Hubble, darubini ya anga iliyoitangulia Webb, imezaa makala nyingi za watu ambao hawakuomba uchunguzi wenyewe. Na kwa Webb, programu kubwa, yaani mipango ya uchunguzi inayotumia saa nyingi za darubini, kwa kawaida hazipewi kipindi cha faragha, muda ambao timu iliyoomba huwa na data peke yake. Kinachogombaniwa ni miezi 12 ya programu ndogo, na hapo ndipo hesabu ya wafutaji inapopwaya.

Katika awamu ya 4 ya kuomba muda wa Webb yalifika maombi 2,377, yakidai saa takriban mara 9 ya zilizopo. Kamati huyasoma bila kujua majina ya waombaji, hivyo mhadhiri wa chuo kidogo anaweza kumshinda profesa wa taasisi tajiri. Hata aliyeko Dar es Salaam anaruhusiwa kuomba, ingawa fedha za NASA za kuchambua data hupewa walioko Marekani tu. Ombi likishapita, muhtasari wake huwekwa hadharani pamoja na faili lenye shabaha, kifaa, vichujio na muda wa kila picha. Ratiba ya wiki nayo hutangazwa. Mshindani anajua nini kitapigwa picha na lini. Faragha ikiondoka, aliyetoa wazo ataanza mbio sawa na kundi lenye watafiti kumi wasiofundisha darasa hata moja. Usawa uliolindwa mlango wa kuingilia unapotea mlango wa kutokea.

Tena data hazifiki zikiwa tayari. Programu ya kompyuta ya kituo kinachoendesha darubini huzipitisha hatua tatu, lakini mtafiti bado hukuta michirizi ya kelele za kielektroniki, madoa mapana yaliyoachwa na miale ya kosmiki, na ukungu wa mwanga uliotawanyika ndani ya kamera ya NIRCam. Kuyasafisha vizuri huchukua miezi.

Julai 2022 inafaa kukumbukwa. Data za CEERS, mradi wa mapema wa Webb wa kuchunguza galaksi za mbali, zilikuwa wazi tangu mwanzo, na makala zikamiminika ndani ya siku chache wakati viwango vya mwangaza vya kamera vilikuwa bado vinarekebishwa. Galaksi moja, CEERS-93316, ilikadiriwa kuwa na mhamo mwekundu (kipimo cha jinsi mwanga ulivyonyooshwa na kutanuka kwa ulimwengu; ukiwa mkubwa, galaksi iko mbali zaidi) wa 16.4, yaani tunaiona ilivyokuwa miaka milioni 250 hivi baada ya Mlipuko Mkuu. Spektra ya 2023, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi ili kupimwa kwa usahihi, ikaonyesha 4.9: ulimwengu ulikuwa na zaidi ya miaka bilioni moja. Mistari mikali ya hidrojeni na oksijeni ilikuwa imeangukia kwenye vichujio kadhaa na kuiga sura ya galaksi ya mbali mno. Wafutaji watajibu kwamba uwazi huohuo uliharakisha masahihisho, na ni kweli. Baadhi ya watafiti walikuwa wametaja uwezekano huo mapema. Ila CEERS ilikuwa timu kubwa. Mwanafunzi wa uzamivu mwenye shabaha moja hana nafasi ya kutangulia na kujisahihisha baadaye, kwani akichelewa wiki mbili sura ya tasnifu yake imeshaandikwa na mwingine.

Wengine wanapendekeza miezi 6. Inasikika kama suluhu ya katikati, lakini hawajatazama kinga-jua ya darubini. Webb huangalia eneo lililo kati ya nyuzi 85 na 135 kutoka Jua tu, hivyo shabaha nyingi zilizo karibu na njia ya Jua huonekana mara mbili kwa mwaka, kwa vipindi vilivyoachana karibu miezi 6. Saa ya faragha huhesabiwa kwa kila data inapoingia hifadhini. Programu yenye ziara mbili, yaani vipindi viwili vya kupiga picha shabaha ileile, itakuta nusu ya kwanza inafunguliwa kwa wote wakati nusu ya pili ndiyo kwanza inapigwa. Kama miezi ni lazima ipunguzwe, hesabu ianzie ziara ya mwisho.