Njia inalindwa na sheria, mlango wa pabu je?

Toka Jumamosi nina hasira na hazijapoa. Tumetembea tangu asubuhi na jamaa zangu kwenye vilima vya Derbyshire, England, tope mpaka karibu na magoti, upepo wa Januari unapenya kila koti, tunapeana moyo kwamba kijiji kinachofuata kuna pabu, tutaota moto, tutapata supu. Tunafika imefungwa. Na imefungwa moja kwa moja, nguzoni kuna tangazo la halmashauri kwamba mwenyewe anaomba ruhusa aigeuze nyumba ya kuishi. Kijiji sikitaji. Ila pale ndo palikuwa sehemu pekee ambapo mtu asiye na ndugu kijijini angeweza kusukuma mlango akaingia akakaa.

Jamani, England wana njia za miguu za umma, na wengi wetu tuliohamia huku tunaishi miaka bila kujua ni hazina kiasi gani. Zinakatiza katikati ya shamba la mtu, kondoo wake wanakuangalia, na hana haki ya kukufukuza. Hazikuja bure. Aprili 1932 vijana wa Manchester wakiongozwa na Benny Rothman walipanda Kinder Scout kwa makusudi, wakati mlima ule ulikuwa wa matajiri kuwindia ndege, na watano wakaishia jela, yeye akiwemo. Sheria ya 1949 ikalazimisha njia ziandikwe kwenye ramani rasmi, ya 2000 ikafungua na nyika za milimani. Leo kuifuta njia hata moja ni kazi ndefu ya kisheria. Sasa pabu iliyo mwisho wa njia hiyo nani anailinda hivyo? Kiangazi unakaa popote kwenye majani, unakula, unaendelea. Desemba jua linazama kabla hata ya saa kumi jioni, umelowa, una mtoto au mzazi wako, unakaa wapi?

Chukua safari ya kijiji cha Hope, hukohuko Derbyshire. Unashuka kwenye treni ya Sheffield au Manchester, unakwenda Castleton, unapanda kilima hadi kivuko cha Hollins Cross, unateremkia Edale kwenye stesheni nyingine. Hollins Cross ndo walikopita watu wa Edale wamebeba majeneza kwenda kuzika Hope enzi kijiji chao hakina kanisa, baadaye wanawake wa Castleton wakaivuka kwenda kufanya kazi kiwanda cha pamba. Ukiwa juu pale upepo unakusukuma kweli kweli. Halafu unashuka mpaka Old Nags Head, pabu ya tangu 1577, ndo inapoanzia Pennine Way, njia ndefu ya miguu ya kilomita kama 430 hadi Scotland, unaingia na mabuti yako ya tope na kuna wenzako kibao wenye tope kama wewe. Mi sinywi pombe kabisa, naagiza chai, na sijawahi kujiona nimepotea njia kuwa mle. Mzee mmoja tuliyekaa naye meza moja alifungua ramani yake akanionyesha njia ya bondeni imejaa maji, akaniambia pita juu. Taarifa hiyo simu yangu haikuwa nayo.

Kuna pabu ukiingia na sura ya Kiafrika vichwa vyote vinageuka, sikatai, nimezipitia. Bado nazitaka ziwepo.

Sawa, mwenye pabu naye ana maisha, gesi ghali, umeme ghali, Jumanne ya Februari anauza vikombe vichache tu. Kinachoniuma ni ule mchezo. Lazima kuomba ruhusa ya halmashauri kabla ya kugeuza pabu kuwa nyumba, na mara nyingi inabidi kuonyesha biashara hailipi, basi jiko linafungwa kwanza, saa zinapunguzwa, inakaa giza miaka, af tunaambiwa mnaona hakuna wateja. Wateja watatoka wapi na mlango umefungwa! Wanakijiji wana sheria ya 2011, wanaweza kuisajili pabu kama mali yenye thamani kwa jamii, na ikitaka kuuzwa wanapewa miezi sita ya kutafuta hela, ila mwenyewe halazimiki kuwauzia. Alazimishwe, kwa bei ya haki. Kule Hesket Newmarket, Cumbria, watu walichanga wakainunua pabu ya Old Crown mwaka 2003 ikawa ya ushirika, kwa hiyo isisemwe haiwezekani.

Na sisi tunaokuja na treni kutoka mjini tuache kupita mbele ya mlango wao na mikate yetu mfukoni. Tule pale, hasa katikati ya wiki. Tangazo likibandikwa kuna angalau siku 21 za kutoa maoni, na anayeruhusiwa kuandika ni mtu yeyote, hata wewe wa Leicester. Usiandike napinga ukaishia hapo. Andika njia gani unatembea, miezi gani, pabu nyingine ya karibu iko umbali gani kwa miguu, maana afisa mipango anapima sababu.