Majengo ya Wapi?

Kwa miaka mitatu nyanya yangu mzaa mama alikuwa mzaliwa wa Nairobi. Ndivyo ulivyosema mti wa ukoo wetu, ule tunaoujaza pamoja mtandaoni, sisi wa Mombasa, binamu zetu wa Maskati na mmoja aliyeko Toronto. Aliyemwingiza nyanya ni huyo wa Toronto. Aliandika neno moja, "Majengo", programu ikamshushia orodha ya mahali, la kwanza likawa Majengo ya Nairobi, akalibofya na kuendelea na kazi. Baadaye ndugu mwingine, kwa nia njema kabisa, akaanza kuwatafuta wazazi wa nyanya huko Pumwani, iliko Majengo ya Nairobi. Akapata mwanamke mwenye jina, na jina la baba, sawasawa na la mama yake nyanya. Jambo hilo si gumu kwetu, ambao kila nyumba ina Fatuma, na kila Fatuma ni binti Ali au binti Salim. Akawaunganisha. Ukoo mzima wa watu wasiotuhusu ukaingia kwetu kupitia neno moja lililoandikwa nusu.

Siku niliyokaa na mama mdogo nikimsomea mti kwenye simu, alinikatiza. "Nairobi ya nani? Mama kazawa hapa Majengo, nyumba ya makuti, nyuma ya msikiti. Nani kamtoa Mombasa?" Hakuwa akicheka. Aliniomba nirudie kusoma, kisha akanyamaza kwa muda, na mimi nikaona aibu mbele yake.

Tangu siku ile nimekuwa mkali kuhusu majina ya mahali, na najua baadhi ya ndugu wamechoka nami. Lakini nashikilia: katika mti unaoandikwa na watu wengi, mahali si pambo la kujazia kisanduku. Kwa majina yetu yanayojirudia kizazi hadi kizazi, babu akirithiwa jina na mjukuu, mahali na mwaka ndivyo vinavyomtenga mtu na mwenzake. Programu nazo hupendekeza "huenda huyu ni yule" kwa kulinganisha jina, tarehe na mahali. Ukiiambia mahali pasipo penyewe, itakuletea watu wasio wako.

Na pwani yetu imejaa majina pacha. Majengo iko Mombasa, Nairobi, Moshi, hata Vihiga. Makadara iko hapa na iko Nairobi. Mkomani ni upande mmoja wa mji wa Lamu, na ni mtaa wa Mombasa pia, ng'ambo, upande wa Nyali. Malindi ni mji, lakini mtu wa Unguja akikwambia babu yake ni wa Malindi, anaweza kuwa anasema mtaa wa Mji Mkongwe. Shangani iko Unguja na iko Mogadishu. Mzizima lilikuwa jina la kijiji kilichokuja kuwa Dar es Salaam, na lilikuwa jina la makazi ya kale hapa hapa kisiwani kwetu. Wazee walipotamka jina moja tu walikuwa wanazungumza na watu waliojua wanachosema. Mjukuu wa Toronto hakuwepo barazani.

Kwa hiyo mtaa peke yake hautoshi, na mji peke yake hautoshi. Andika kuanzia kidogo kwenda kikubwa, mtaa, mji, kisha nchi, kila kimoja kikitengwa na mkato: Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Huo mkato si mapambo. Faili za GEDCOM, zinazotumiwa kuhamisha mti kutoka programu moja hadi nyingine, husoma mahali kwa mpangilio huo huo wa kidogo hadi kikubwa, na mkato ndio unaoonyesha ngazi moja inapoishia. Ukiandika "Kibokoni Mombasa" bila mkato, mashine huona mahali pamoja penye jina refu.

Hapo hatukugombana sana. Tuligombana kwenye Mvita.

Binamu mmoja wa Maskati alipitia mti wote usiku mmoja na kila palipoandikwa "Mvita" akaweka alama ya eneo bunge la Mvita la leo. Alidhani anasafisha. Lakini Mvita ni nini? Ni jina la kale la mji wenyewe, ambalo wazee na washairi hawakuliacha. Ni eneo bunge mojawapo kati ya sita za kaunti yetu. Na Wamvita ni taifa, mojawapo ya yale kumi na mawili, Thenashara Taifa, ya Waswahili wa Mombasa. Mtu aliyeandikwa "Mvita" kwenye karatasi ya 1910 huenda alizaliwa mjini, huenda ni Mmvita wa kabila, huenda vyote viwili. Alama ya ramani iliyobandikwa juu ya neno hilo imefuta swali kabla halijaulizwa.

Na mataifa yale ndiyo mtego mkubwa kuliko yote kwa asiyeyajua. Yamegawanyika makundi mawili. Thelatha Taifa, yale matatu, ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Soma orodha hiyo polepole. Karibu kila jina linasikika kama mahali, na mengi yana mahali pake mpaka leo. Lakini Mpate wa Mombasa aliyefariki 1930 anaweza kuwa hajawahi kukanyaga kisiwa cha Pate, wala baba yake, wala babu yake. Alizaliwa Mji wa Kale katika watu ambao asili yao inatajwa Pate. Ukiandika "alizaliwa Pate" umewahamisha vizazi kadhaa kwa kalamu moja. Vivyo hivyo kwa jina la Mshihiri: linaeleza kuwa watu wake wana asili ya Shihiri, Hadhramaut; halisemi kitanda alichozaliwa kilikuwa wapi. Asili iwekwe kwenye maelezo, kwa maneno kamili. Kisanduku cha mahali pa kuzaliwa ni cha mahali pa kuzaliwa.

Ndugu zetu wa Frere Town, hapa Mombasa, wanalijua hili kwa uchungu zaidi. Mji ule ulianzishwa 1875 na wamisionari wa Church Missionary Society kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Baadhi ya waliofika walikuwa wamepitia Nasik, karibu na Bombay, wakaitwa Waafrika wa Bombay. Ukiona "Nasik" mbele ya jina la mmoja wao, hapo ni alipolelewa. Alipozaliwa ni kwingine, na aghalabu hakuna aliyepaandika. Kisha Frere Town yenyewe wengi wanaiita Kengeleni, kwa ajili ya ile kengele ya wamisionari, na kwa uchaguzi ilikuwa Kisauni hadi 2013 ilipoingia eneo bunge la Nyali. Majina manne, mahali pamoja, na mti mmoja unaweza kuyabeba yote kana kwamba ukoo ulihama mara tatu.

Sasa nchi. Hapa nakiri hoja ya binamu wa Maskati ina nguvu. Yeye anasema tuandike kila mtu kwa jina la leo, "Mombasa, Kaunti ya Mombasa, Kenya", ili watoto wetu wapaone kwenye ramani na mti uwe wa namna moja. Anachotaka ni chema. Lakini kaunti zimetokana na Katiba ya 2010, na zilianza kazi 2013. Babu yangu alifariki 1958. Kumzika katika Kaunti ya Mombasa ni kusema jambo ambalo halikuwepo, na mjukuu atakayetafuta kumbukumbu zake atazitafuta kwenye makabati ya serikali ambayo babu hakuwahi kuiona.

Mfano ulio wazi zaidi ni Kisimayu. Shangazi yake babu alizaliwa huko kabla ya 1925. Mwaka huo Jubaland, eneo lenye Kisimayu, ilipewa Waitalia. Kabla yake Kisimayu ilikuwa chini ya Waingereza, pamoja na Mombasa. Mmoja wetu kaandika "Kismayu, Kenya", mwingine "Kismaayo, Somalia", na wa tatu, aliyeona karatasi ya Kitaliano, "Chisimaio". Mti ukawa na shangazi watatu. Wote waliomwandika walikuwa na sababu. Hakuna aliyeandika mwaka gani anasema.

Na Mombasa yetu yenyewe si nyepesi. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Unguja, Waingereza wakiuendesha kwa mkataba wa 1895. Ilipotangazwa Koloni ya Kenya 1920, ukanda ukabaki himaya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa Waingereza, na bendera nyekundu ya Sultani ikapepea Ngomeni (Fort Jesus) hadi 1963. Sitaki kila ndugu awe mwanasheria. Ninachotaka ni kwamba aliyezaliwa 1905 asiandikiwe Jamhuri ya Kenya. Ikiwa hujui nchi iitweje mwaka ule, ishia "Mombasa". Hakuna atakayepotea.

Namna moja, kwangu, ni kanuni moja kwa wote: jina la wakati wa tukio kwenye kisanduku, jina la leo pembeni. Tena mitandao mikubwa inaruhusu. FamilySearch hukuachia maneno uliyoandika na kukuomba uchague jina sanifu la kuandamana nayo. WikiTree, ambako dunia nzima inajenga mti mmoja, inawaomba watu wafuate majina yaliyotumiwa na wenyewe, mahali pao na wakati wao. Binamu apate ramani yake, na babu abaki na mji wake.

Tahajia nimekubali tuchague moja na kuishikilia: Mombasa, hata kama hati ya Mzungu inasema Mombassa, Barawa, si Brava. Tahajia ya hati inanukuliwa kwenye maelezo, herufi kwa herufi. Hii ni muhimu zaidi kwa nasaba zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo nyumba nyingi za Mji wa Kale bado zinazo. Kiarabu hakina herufi ya "p", kwa hiyo Pate mara nyingi iliandikwa kwa "b", na "n" ya katikati mara nyingi iliachwa. Kijana wetu mmoja alinakili "Bate" na "Malidi" kwa uaminifu mkubwa, na programu ikatafuta miji hiyo dunia nzima.

Nyanya amerudi Majengo, Mombasa. Wageni wa Pumwani tumewatoa mmoja mmoja, kazi ya wikendi mbili, na niliwaandikia wenye ukoo wao kuwaomba radhi.

Kilichobaki ni baba yake nyanya. Kisanduku chake kilijazwa "Lamu" na mtu asiyekumbuka alikitoa wapi, nami nimekifuta. Wengine wamenilaumu, wanasema bora Lamu kuliko patupu. Mama mdogo anasema yuko mzee mmoja Kibokoni aliyesoma chuo kimoja cha Kurani na baba mdogo wa nyanya, na akili yake bado ni timamu asubuhi, kabla ya adhuhuri. Jumamosi nitakwenda naye, tumbebee kahawa.