Tuwaite walioko huko juu au tunyamaze?

Juzi kibarazani umeme umekatika, nyota zikatoka zote, ndo yakaanza mabishano, ati huko juu kuna viumbe wenye akili kama sisi? Mzee mmoja akatutolea Suratu Shuura aya ya 29, Mungu katawanya viumbe mbinguni na ardhini, kwa hiyo kwake yeye hilo lishakwisha. Mie naona suali lililobaki ni jengine, tuwaite au tusikilize tu?

Kusikiliza hakuna ubaya. Frank Drake, mtaalamu wa nyota, alianza 1960 kule Green Bank Marekani, akatega antena ya redio kwenye nyota mbili tu, hakupata kitu. 1977 antena ya Ohio ikanasa mawimbi makali kwa sekunde 72, hayajasikika tena mpaka leo.

Kwenye kuita ndo ugomvi ulipo. Ujumbe wa 1974, uliotumwa kwa redio kutoka antena ya Arecibo huko Puerto Rico, siuogopi, ulielekezwa kundi la nyota la M13 na mwanga wenyewe unachukua kama miaka elfu 25 kufika. Lakini 2017 ukatumwa mwengine kutoka Norway kwenda nyota ya Luyten, kule ni miaka 12 na kitu tu, wakijibu hapohapo mtoto wa skuli wa leo anayasikia majibu. Stephen Hawking, yule mwanafizikia Muingereza, alishaonya 2010, wakija yatatukuta yaliyowakuta wenyeji wa Amerika baada ya Columbus. Sisi hata hatuna haja ya kwenda mbali, Mreno Vasco da Gama kapita pwani hii 1498, haikutimia miaka kumi wenziwe wanadai kodi kwa mizinga.

Ila yakhe tuseme kweli, pwani hiihii imepokea majahazi ya kaskazi karne na karne, watu wameshusha tende, wameoa, wengine ndo babu zetu. Na wanaotaka kuita wanasema mawimbi ya redio na rada zetu yanavuja angani miaka yote, sasa unajificha nini? Hapo sikubaliani nao sana, redio ya jirani kusikika kwa mbali si sawa na mtu kukugeuzia spika dirishani.

Shemeji yangu anavua dagaa Mkokotoni, kaskazini Unguja. Wanatoka wakati wa giza, mbaamwezi hawendi, wanawasha taa wanangoja. Anasema dagaa wanakuja kweli, lakini nyuma yao ngisi, na nyuma ya ngisi huwezi kujua, kuna siku kitu kimepita na nyavu wala hawakukiona. Nikamuuliza kwa nini usizime? Akacheka, nirudi na nini sasa.

Ndo maana mie sisemi wasiite kabisa. Linaloniudhi ni kwamba anaeshika taa ni watu wachache, na chombo tumo sote. Zile Voyager mbili, vyombo vya Marekani vilivyorushwa angani 1977, zimebeba salamu za lugha 55, Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kiswahili hakimo! Wakija wakishukia Mkokotoni itabidi shemeji atafute wa kumtafsiria Kiganda.