Ngoma ya Obon Haitaki Watazamaji

Katikati ya Agosti Wajapani wengi hurudi makwao kuwapokea marehemu wao. Ndiyo Obon. Jioni ya tarehe 13 huwashwa moto mdogo mlangoni ili mizimu ya ukoo isipotee njia. Wengine huandaa tango na biringani, kila moja limechomekwa vijiti vinne vya miguu. Tango ni farasi wa kuwaleta mbio, biringani ni ng'ombe wa kuwarudisha taratibu. Biringani hilo hunigusa kila nikilifikiria: mgeni ahimizwe kuja, lakini kuondoka apewe mnyama wa kujikokota.

Usiku ni ngoma, bon odori. Uwanjani husimamishwa jukwaa la mbao liitwalo yagura, mpigaji akapanda juu na ngoma kubwa, watu wakazunguka chini. Hatua zake ni nyepesi mno. Tanko Bushi, wimbo wa wachimba makaa ya mawe wa Fukuoka, huchezwa kwa kuchimba, kutupa makaa nyuma ya bega, kukinga macho, kusukuma toroli. Mimi niliipata kwa kumfuatisha bibi aliyekuwa mbele yangu. Duru ya tatu mikono ilikwishazoea.

Kwangu wepesi huo ndio kiini chenyewe. Ngoma ya kuwaenzi wafu haifai kuwa ya mafundi peke yao. Mjini Tokushima, kwenye ngoma ya Obon iitwayo Awa Odori, vikundi hujifua mwaka mzima na viti vya watazamaji huuzwa kwa tiketi. Wanacheza vizuri ajabu, nakiri, ila ukishakaa kitini umebaki nje.

Ndiyo maana moyo wangu uko Gujo Hachiman, mkoani Gifu. Kuanzia tarehe 13 hadi 16 hukesha wakicheza mpaka alfajiri, na mgeni huingia duarani bila kuulizwa ametoka wapi. Nishimonai, mkoani Akita, baadhi huvaa kofia nyeusi inayoziba uso, yenye matundu mawili tu ya macho. Husemwa hao ni mfano wa marehemu wenyewe. Ngoma zote hizo mbili zimo kati ya 41 zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2022, nami naomba heshima hiyo isizigeuze maonyesho.

Gujo hufunga usiku kwa wimbo uitwao Matsusaka. Filimbi na ngoma hunyamaza. Husikika mwimbaji, vibao vya mbao vikigonganishwa, na viatu vya mbao vikigonga barabara.