Dracula na bia nyeusi: je, vinakaa meza moja?

Kusoma riwaya ya kutisha huku pembeni kuna bia iliyopikwa na kiwanda kidogo ni wazo lililotoka ughaibuni, na hapa Dar es Salaam nimelisikia likisifiwa na kupingwa kwa nguvu ileile.

Wanaolitetea wana hoja. Stauti, yaani bia nyeusi, hupikwa kwa shayiri iliyokaangwa hadi ikakaribia kuungua, ndipo inapopata weusi na uchungu wake. Haigugumiwi, inakulazimisha uende taratibu, na riwaya za kigothi, zile za kutisha zenye ngome na giza, zinadai hivyohivyo. Chukua Dracula ya Bram Stoker, iliyochapishwa mwaka 1897. Jonathan Harker, wakili kijana, anafika usiku kwenye ngome huko Transylvania. Anaandaliwa kuku wa kuchoma, jibini, saladi na chupa ya divai ya Tokay iliyokaa miaka mingi. Anakunywa glasi mbili. Mwenyeji wake, Dracula mwenyewe, mnyonya damu, hali wala hanywi. Ukiwa na glasi mkononi unauona mtego kwa ukaribu zaidi, kwa sababu umetegwa kwa ukarimu.

Ila kitabu hichohicho kinawapa wapinzani hoja nzito kuliko hiyo. Usiku anapofariki mama yake Lucy, msichana anayewindwa na Dracula, wajakazi wanne wanakunywa divai ili wajikaze, kumbe imetiwa dawa ya usingizi yenye afyuni. Wanalala fofofo, Lucy anabaki bila mlinzi. Tena riwaya yenyewe imeundwa kwa shajara, barua, telegramu na vipande vya magazeti. Usipofuatilia tarehe na nani anajua nini, unapotea. Zile stauti nzito zenye kilevi cha asilimia 10 hazikuachii akili ya kazi hiyo.

Joto letu nalo lina neno. Mhudumu akiuliza "ya baridi au ya moto?" wengi tunataka baridi kabisa, na baridi kali huua ladha ya shayiri iliyokaangwa. Umelipia usichokionja.

Linaloniuma zaidi ni la wasiokunywa. Jiji hili lina Waislamu wengi, lina walokole wasiogusa pombe, na kikundi kinachogeuza bia kuwa kiingilio kinawafukuza kabla ya ukurasa wa kwanza. Wapenzi wa riwaya hizi hatuko wengi kiasi cha kufukuzana.

Hata hivyo naunga mkono, kwa masharti. Iwe stauti ya kawaida, asilimia 4 au 5, itolewe kwenye friji mapema kidogo. (Wanaopendekeza mbege nawaelewa, ndizi na ulezi ni vyetu, lakini ile ni pombe ya maongezi na sura hizi zinataka ukimya.) Asiyekunywa apewe kahawa chungu ya kijiweni: nayo imekaangwa, na uchungu wake unakaribiana kweli na wa stauti. Glasi moja itoshe sura nne za mwanzo, zote zikiwa shajara ya Harker. Lucy akianza kuugua, glasi ziondoke mezani. Wanaume wanne watamwongezea damu yao mmoja baada ya mwingine, na msomaji anatakiwa awe macho kuliko walinzi wake.